Kabla hujailaumu jeni: utatuzi wa matatizo ya usuli wa panya wa maabara

Panya ninaowasema hapa ni wale wadogo wa maabara, si panya buku. Na "usuli" ni jeni zote za panya huyo ukiacha ile moja uliyoizima, uliyoiongeza au unayoichunguza. Watu huweka akili yote kwenye ile moja. Zilizobaki, elfu ishirini na ushei, zinaachwa zijiendee, na matokeo yakiharibika lawama inaangukia dawa, mashine au mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Malalamiko yaliyomo humu ni yale yanayojirudia kila mahali penye vizimba. Chini ya kila moja nimetanguliza sababu inayotokea sana na kipimo kisichogharimu kitu, kisha nashuka kwenye sababu adimu na matibabu ghali. Palipoandikwa SIMAMA, simama kweli.

## Kabla ya dalili yoyote: soma kadi ya kizimba

Nenda kwenye kizimba, chomoa kadi, soma jina lote. Kama limeandikwa "C57BL/6" tu, yaani ule ukoo wa panya weusi unaotumika sana, hapo hakuna jina. Ni sawa na kuandika "Juma wa Tanga" juu ya mzigo, ukauacha stendi ukitegemea utafika.

Herufi za mwisho ndizo zenye habari. C57BL/6J ni tawi la Jackson Laboratory, kule Bar Harbor, Marekani. C57BL/6N ni tawi la taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, lililochukuliwa kutoka Jackson mwaka 1951. Tangu hapo kila tawi limejizalia peke yake, ndugu kwa ndugu, na kila moja limeokota migeuko yake, yaani mabadiliko ya DNA. Kuna pia C57BL/6JOlaHsd, tawi lililopoteza kabisa jeni ya alfa-sinukleini, ileile inayohusishwa na ugonjwa wa Parkinson. Fikiria mtu anayechunguza Parkinson akiagiza hao bila kujua.

Halafu angalia alama ndogo katikati ya jina. B6.129, yenye nukta, maana yake jeni ilitoka kwa panya wa ukoo wa 129 ikahamishiwa kwenye C57BL/6 kwa kupandisha vizazi vingi vya kurudi, yaani kila kizazi watoto wanapandishwa tena na C57BL/6. B6;129, yenye nukta-mkato, ni mchanganyiko: kila panya humo ana mgao wake wa koo zote mbili. Nimeona watu wakinakili jina kutoka kadi moja kwenda nyingine na kuigeuza nukta-mkato kuwa nukta kwa sababu "peni iliteleza". Kuteleza huko kumoja kunabadilisha maana ya jaribio zima.

Kama kadi haisemi, tafuta karatasi ya oda. Kama karatasi ya oda imepotea, piga simu kwa aliyewaleta. Nusu ya matatizo yaliyo hapa chini huishia kwenye hatua hii, kabla hujafungua hata friji ya vitendanishi.

## "Waliozimwa jeni wako tofauti na wa kawaida, lakini tukirudia tofauti inapotea au inageuka"

Hili ndilo linaloongoza, na sababu yake kubwa haigusi jeni yenyewe hata kidogo: panya wa kawaida mliowatumia kulinganisha si ndugu wa hao waliozimwa jeni.

Yalinipata mimi mwenyewe. Tulikuwa na panya waliozimwa jeni moja inayofanya kazi kwenye ini, tukawa tunapima wanavyoiondoa sukari kwenye damu. Unawanyima chakula saa kadhaa, unawachoma sindano ya glukosi tumboni, gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, kisha unatoboa ncha ya mkia na kukamua tone juu ya kijiti cha glukomita dakika ya 15, 30, 60 na 120. Waliozimwa jeni walishuka vizuri ajabu. Dakika ya 120 walikuwa wamerudi karibu na walipoanzia, na wale wa kawaida bado wanaelea juu. Tukaanza kubishana kichwa cha makala. Mzee mtunza vizimba, tuliyezoea kumwita Babu, alikuwa anabadilisha maranda pembeni. Akauliza swali moja: "Hawa na hawa, mama yao mmoja?"

Hawakuwa na mama mmoja. Waliozimwa jeni walitengenezwa kwa seli shina za C57BL/6N. Wa kawaida tuliwanunua, C57BL/6J, kwa sababu walikuwepo na bei ilikuwa nafuu. Tawi la J lina pengo kwenye jeni iitwayo Nnt, eksoni 5 mfululizo (vipande vyenye ujumbe wa jeni) hazipo, na panya wake hutoa insulini kidogo pale sukari inapopanda. Kwa hiyo tulikuwa tumemfanya mgonjwa kuwa kipimo cha uzima. Waliozimwa jeni hawakuwa na jipya lolote. Miezi mitano ikaenda na maji.

Fuata hivi. Anza na swali la Babu, halina gharama. Kama jibu ni hapana, usipoteze muda kwenye takwimu: pandisha mbebaji kwa mbebaji, yaani wote wawili wana nakala moja nzima na moja iliyozimwa, kisha linganisha watoto wa uzao uleule, wenye nakala mbili zilizozimwa dhidi ya wenye nakala mbili nzima. Ndugu hao wanagawana usuli uleule kwa bahati nasibu, na usuli hauwezi tena kukaa upande mmoja wa grafu.

Waache pia wakae kizimba kimoja tangu kuachishwa kunyonya, madume na madume, majike na majike. Hapa kuna sababu ya pili inayojificha nyuma ya jeni: vijidudu vya utumbo. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba panya wa C57BL/6 wa kampuni ya Taconic walikuwa na seli nyingi za kinga ziitwazo Th17 utumboni na wale wa Jackson walikuwa nazo chache, na chanzo kilikuwa bakteria wa aina moja wanaofanana na nyuzi, ambao wa Taconic walikuwa nao na wa Jackson hawakuwa nao. Panya hula mavi ya wenzao. Wakikaa pamoja wanagawana bakteria. Ukiwatenganisha kwa jeni, "wa kawaida" kizimba kile na "waliozimwa" kizimba hiki, umetengeneza tofauti kwa mikono yako.

Kama ni ndugu kweli na bado matokeo yanayumba, pima Nnt kwa PCR, kipimo kinachozidisha nakala za DNA hadi zionekane, kwenye ncha za mikia yao. Mistari mingi (koo za panya waliozimwa jeni) iliyotoka kwenye miradi mikubwa ya kuzima jeni ina usuli wa 6N, na watu wengi wameipandisha na 6J bila kuandika popote. Ukikuta wengine wana Nnt nzima na wengine wana pengo, ndani ya uzao mmoja, umempata mwizi. Dawa ni kuchagua tawi moja na kupandisha kurudi huko, au, kama huna muda, kumpima kila panya na kumweka kwenye kundi kwa kuzingatia Nnt yake.

Sababu ya mwisho hapa, isiyotokea sana kama watu wanavyodhani, ni idadi ndogo. Kwenye B6;129 panya 5 kwa kundi hawatoshi kitu. Lakini usikimbilie kuongeza idadi kabla ya kuuliza la Babu.

SIMAMA: ukigundua kwamba wa kulinganisha walinunuliwa, usiendelee kuwachoma sindano wanyama wengine ili "kukamilisha data". Data hiyo haikamiliki. Rudi kwa msimamizi na kamati ya maadili ya wanyama na mpango mpya.

## "LPS haiwagusi panya wetu"

LPS ni ile sumu ya ukuta wa bakteria tunayoitumia kuwasha mwako wa kinga mwilini. Panya anatakiwa ajikunje, manyoya yasimame, joto lishuke. Wenu wanatembea na kula kama hakuna kilichotokea.

Kwanza LPS yenyewe: ni mzigo mpya? Iligandishwa na kuyeyushwa mara ngapi? Ilitikiswa vizuri kabla ya kuvutwa kwenye bomba? LPS hupenda kung'ang'ania kuta za chupa.

Pili, kama ukoo ni C3H, soma mkia wa jina. C3H/HeJ wana mgeuko kwenye Tlr4, kipokezi kinachoinusa LPS, na kwao hata dozi inayowaua panya wengine ni kama maji. C3H/HeN hawana mgeuko huo. Ni kutokana na panya hao wa HeJ ndipo maabara ya Bruce Beutler ilipobaini mwaka 1998 kwamba Tlr4 ndiyo inayohitajika, kazi iliyochangia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011. Kwa hiyo kosa lako linaweza kuwa kosa la heshima, ila ni kosa.

Tatu, na hapa ndipo penye utamu, kama wanaohimili LPS ni wale waliozimwa jeni peke yao, usishangilie bado. Kisa cha jeni iitwayo Casp1 kinatosha kumpunguzia mtu furaha. Panya waliozimwa Casp1 walitengenezwa miaka ya 1990 kwa seli shina za ukoo wa 129. Walihimili LPS inayoua wenzao, na kwa zaidi ya miaka 15 sifa ikaenda kwa Casp1. Mwaka 2011 ikabainika kwamba ukoo wa 129 una mgeuko wake wa asili kwenye jeni ya jirani, Casp11. Jeni hizo mbili zimekaa bega kwa bega kwenye kromosomu ya 9. Kila panya aliyechaguliwa kwa kuzimwa Casp1 alikuja na Casp11 mbovu mgongoni, na kwenye kifo cha LPS Casp11 ndiyo iliyokuwa na kesi.

"Lakini sisi tumepandisha kurudi vizazi 10!" Najua. Hesabu ya vizazi 10 inasema 99.9% ya jenomu sasa ni ya ukoo unaoutaka, na ni kweli kwa jenomu kwa ujumla. Si kweli kwa mtaa wa jeni yako. Kila kizazi ulikuwa unachagua watoto waliobeba jeni iliyozimwa, kwa hiyo ulikuwa unachagua na majirani zake. Baada ya vizazi 10 bado kunabaki kipande cha wastani wa sentimogani 20 hivi (kipimo cha umbali kati ya jeni kwenye kromosomu) cha ukoo wa zamani, na humo mna mamia ya jeni. Majirani walio karibu kabisa, kama Casp11, hata vizazi 50 haviwaondoi.

Matibabu, kutoka rahisi kwenda gumu: chunguza kwenye hazina za data za jenomu za panya ni migeuko gani ya 129 iko karibu na jeni yako, pima alama za SNP (herufi moja moja za DNA zinazotofautisha koo) kulia na kushoto ili ujue kipande kina urefu gani, rudisha jeni nzima kwa panya waliozimwa uone kama hali inarudi kuwa ya kawaida, na mwisho, zima jeni upya kwa CRISPR, ule mkasi wa kukatia DNA, moja kwa moja kwenye yai la C57BL/6, ambako hakuna 129 ya kuvuta nyuma. Hilo la mwisho ndilo linalomaliza ubishi, na gharama yake si ndogo.

SIMAMA hapa umtafute mtaalamu wa jenetiki kabla ya kuandika sentensi yoyote ya aina ya "jeni X inalinda dhidi ya Y".

## "Wenye nakala mbili zilizozimwa hawazaliwi"

Mbebaji kwa mbebaji, robo ya watoto wanatakiwa kuwa na nakala mbili zilizozimwa. Umehesabu, hakuna.

Umehesabu wangapi? Ukiwa na watoto 6, kukosa ni jambo la kawaida kabisa. Ukiwa na 11 bila hata mmoja, uwezekano kwamba ni bahati tu ni kama 4%. Ngoja ufike hapo angalau kabla ya kutangaza msiba.

Je, PCR inamuona panya wa namna hiyo? Kama huna DNA ya mfano yenye nakala mbili zilizozimwa, hujui kama jeli yako ingeonyesha mstari wake. Ulihesabu lini? Wengine huzaliwa wakafa siku ya kwanza na mama akawala kabla mtunzaji hajafika asubuhi. Angalia kizimba siku ya kuzaliwa, si siku ya 21.

Hayo yakiisha, uko kwenye usuli. Mfano wa kufundishia ni jeni iitwayo Egfr, kazi ya mwaka 1995. Kwenye panya wa CF-1, vijusi vilivyozimwa Egfr hufa wakati wa kujipachika kwenye mji wa mimba. Kwenye 129/Sv hufika katikati ya mimba. Kwenye CD-1 huzaliwa na kuishi hadi wiki 3 hivi. Jeni ileile, vifo vitatu tofauti. Kwa hiyo ukiona wanatoweka kadiri unavyopandisha kurudi C57BL/6 (kizazi cha 2 walikuwepo, kizazi cha 6 hakuna), PCR yako huenda haina ubaya wowote. Jaribu kupandisha wabebaji wa koo mbili tofauti, watoto wao wa kizazi cha kwanza huwa wagumu zaidi, na mara nyingi utapata wachache wa kufanyia kazi.

SIMAMA: majike wakikwama kwenye uzazi, wakivuja damu au wakizaa wafu mfululizo, hilo ni la daktari wa mifugo wa kituo. Usiendelee kupandisha.

## "Wenzetu wamezima jeni ileile wakapata kitu kingine"

Mara nyingi wote wawili mko sawa. Douglas Coleman pale Jackson alionyesha hili mapema kwa panya wanaonenepa kwa migeuko iitwayo ob na db: kwenye usuli wa C57BL/6J kongosho linajitutumua, sukari inapanda kwa muda kisha inatulia, kwenye C57BLKS/J sukari inapanda na kubaki juu, kongosho linachoka, panya anakufa mapema. Panya wa Min wanaoota uvimbe utumboni wanasema hivyohivyo kwa tarakimu: kwenye C57BL/6 wastani ni karibu uvimbe 30, lakini ukiwapandisha na ukoo wa AKR watoto wanapata karibu 6. Mgeuko wao, ulio kwenye jeni ya Apc, haukubadilika. Kilichobadilika ni jeni nyingine kabisa, kwenye kromosomu ya 4, inayoupunguza makali.

Omba kadi zao, walinganishe na zako. Kama majina yanafanana hadi herufi ya mwisho, ndipo uanze kuuliza chakula, joto la chumba, saa za mwanga na mtu anayewashika. Mwaka 1999 maabara 3 za Amerika Kaskazini zilijaribu kufananisha kila kitu, koo, umri, vifaa, hata saa ya kuanza, na bado baadhi ya vipimo vya tabia vikatoka tofauti. Kwa hiyo tofauti ndogo za tabia usizikeshee. Tofauti ya kufa na kupona, hiyo itafute.

## "Maambukizi hayafanani: hapa wanakufa, kule wanapona"

Hili ni letu zaidi. Maabara zetu nyingi zinapima malaria na nagana (ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na ndorobo), tena kwa panya waliopo, si kwa panya waliochaguliwa.

*Plasmodium berghei*, kimelea cha malaria ya panya, ina asili ya karibu kuliko watu wanavyodhani. Watafiti Vincke na Lips waliipata Katanga, Kongo, mwaka 1948 kwenye damu ya panya wa porini, *Grammomys*. Kwa panya huyo ni mgeni aliyezoeleka. Kwa panya wa maabara, ambaye mababu zake hawajawahi kuiona, inategemea ukoo. Mchome C57BL/6 au CBA kimelea cha aina ya ANKA: kati ya siku ya 6 na ya 10 anaanza kupepesuka, anazunguka upande mmoja, anapata degedege, anakufa na vimelea bado ni wachache kwenye damu. Hiyo ni malaria ya ubongo. Mchome BALB/c kimelea kilekile: wengi wao wanapita wiki hiyo salama, wanakuja kufa baadaye kwa upungufu wa damu, masikio na makucha yamekuwa meupe kama karatasi. Mtu akijaribu dawa yake kwa BALB/c akasema "inazuia malaria ya ubongo", amezuia kitu ambacho hakikuwa kinakuja.

Hatua zako ziwe hivi. Kimelea kwanza: ni ANKA au NK65? NK65 kwa kawaida haileti ugonjwa wa ubongo kwenye C57BL/6. Kimepitishwa panya kwa panya mara ngapi tangu kitolewe kwenye naitrojeni? Dozi ilihesabiwa kwa kuangalia slaidi au kwa kukisia? Ukishamaliza kimelea, ndipo ukoo.

Kama kadi inasema "Swiss albino" tu, jua unafanya kazi na panya wa mchanganyiko. Wametokana na madume 2 na majike 7 waliopelekwa Marekani kutoka Lausanne, Uswisi, mwaka 1926, na wakaenea dunia nzima, lakini kila koloni lina mchanganyiko wake. Si wabaya. Kwa kipimo cha siku 4 cha kukandamiza vimelea, kinachotumika sana kuchuja dawa za mitishamba, wanafaa. Ila usigawe kundi kwa kizimba, kizimba hiki dawa, kile maji, maana kizimba kimoja mara nyingi ni familia moja. Wachanganye kwa kura, mmoja mmoja. Na usitegemee Swiss wa koloni lako wafanane na Swiss wa koloni la chuo kingine.

Kwa *Trypanosoma congolense*, kimelea cha nagana, mambo yanageuka. C57BL/6, aliyekuwa mnyonge mbele ya malaria ya ubongo, ndiye anayestahimili nagana muda mrefu. A/J na BALB/c wanaondoka mapema. Watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI, Nairobi, na wenzao waliitumia tofauti hiyo mwaka 1997 kuonyesha maeneo matatu ya jenomu yanayobeba sehemu kubwa ya ustahimilivu, kwenye kromosomu za 17, 5 na 1. Shabaha yao ilikuwa ng'ombe, wale N'Dama wa Afrika Magharibi wanaoishi na ndorobo. Panya walikuwa njia ya mkato. Somo kwa mwenye tatizo: hakuna ukoo "mgumu" wala "dhaifu" kwa jumla. Uliza mgumu kwa nini.

Na ukipandisha panya wa 129 waliozimwa jeni ya kinga kurudi kwenye C57BL/6, kisha ukawaambukiza *Salmonella* au *Leishmania donovani*, pima jeni iitwayo Slc11a1. C57BL/6 na BALB/c wana nakala mbovu ya jeni hiyo. 129 wana nzima. Kipande cha 129 kikibaki huko kwenye kromosomu ya 1, panya wako atakuwa shujaa kwa sababu isiyo yako.

SIMAMA, mara mbili. Panya akianza kupepesuka, kupooza au kutetemeka, usingoje afe ili upate siku ya kuandika. Muhitimishe kwa njia iliyoidhinishwa, tarehe hiyo inatosha. Na kama kimelea ni *T. b. rhodesiense*, kile cha malale, huyo anaambukiza watu: bila mafunzo, bila kibali na bila mtu wa kukutibu ukijichoma sindano, usimguse.

## "Kwenye birika la maji wanazunguka tu, hawakumbuki jukwaa"

Kipimo hiki cha kumbukumbu humtaka panya aogelee hadi jukwaa lililofichwa chini ya maji, akiongozwa na alama za chumbani. Huenda wako hawazioni. FVB/N, SJL na C3H/HeJ ni vipofu tangu utotoni kwa mgeuko wa rd1 kwenye Pde6b, na baadhi ya panya Swiss wanaubeba pia. C57BL/6N wote wana rd8, inayoharibu retina taratibu. Weka bendera juu ya jukwaa: anayeona ataogelea moja kwa moja. Akishindwa hapo, hujapima kumbukumbu.

Kwa majaribio ya sauti ni hivyohivyo. DBA/2J anapoteza usikivu akiwa bado kijana, C57BL/6 anaanza kuzipoteza sauti nyembamba akiwa na miezi kadhaa. Piga makofi nyuma ya kizimba kabla ya kulaumu ubongo. Kipimo cha kienyeji, lakini kinawakamata wengi.

## "Kwenye kizimba cha weusi amezaliwa wa kahawia"

Hongera, panya mwenyewe amekuletea ripoti. C57BL/6 ni mweusi kwa jeni iliyofichika, yaani weusi hutokea tu akiwa na nakala mbili zake. Akizaliwa mtoto wa rangi ya panya wa porini, mzazi mmoja alitoka nje. Na usidhani mzazi huyo lazima awe wa kahawia. Mpandishe BALB/c mweupe na C57BL/6 mweusi: watoto wote wanatoka kahawia, kwa sababu huyo mweupe ameficha chini ya weupe wake jeni ya manyoya ya mistari, ile ya rangi ya panya wa porini. Watu huangalia chumba kizima wakitafuta dume la kahawia, kumbe aliyeruka ni yule mweupe wa rafu ya chini.

Sababu ya kawaida ni mkono wa mtu: siku ya kusafisha, panya ameanguka, akarudishwa kizimba cha karibu. Kifuniko kilicholegea ni cha pili. Kuletewa mzigo mchafu ni cha tatu.

Funga uzalishaji wa kizimba hicho na vya jirani leo. Pima SNP za wazazi wote wa koloni. Usijaribu "kusafisha" kwa kuondoa wa kahawia na kubaki na weusi, kwani nusu ya jenomu ya ndugu zao weusi inaweza kuwa ngeni vilevile, ila haivai rangi. Kama huna vizimba vya akiba visivyoguswa, SIMAMA: koloni hilo halirekebishiki kwa kupandisha. Agiza wazazi wapya.

## "Zamani ilifanya kazi"

Hakuna kilichobadilika, wanasema. Ukoo uleule, chumba kilekile, tangu 2015. Panya ana vizazi 3 hadi 4 kwa mwaka. Koloni lililofungwa muda huo limevuka vizazi 25, na kwa kanuni za majina likishatengana na chimbuko vizazi 20 ni tawi jipya, lenye haki ya kuandikwa kwa jina lake. Migeuko midogo hujikusanya, na kwenye koloni la jozi 3 za wazazi inaenea haraka kuliko unavyodhani.

Angalia daftari la uzazi: idadi ya watoto kwa uzao imeshuka? Uzito wa wiki ya 8 umesogea? Kisha agiza jozi mbili za ukoo huohuo kutoka chimbuko, zifanyie jaribio lako sambamba na wa kwako. Wakitofautiana, jibu umelipata.

Tiba ni kuwarudisha wazazi kutoka chimbuko kila baada ya vizazi 5 hadi 10. Kwenye mistari iliyozimwa jeni, pandisha mara moja jike lako kwa dume safi ili kromosomu Y iwe ya chimbuko, na mara moja dume lako kwa jike safi ili mitokondria zifuate. Watu wengi husahau hili la pili kwa sababu mitokondria hazionekani kwenye PCR ya kila siku. Kama kituo jirani kina mtaalamu wa kugandisha shahawa au vijusi, mpelekee mstari wako mapema, ungali mzima. Yeye aifanye, ukijaribu mwenyewe kwa kusoma maelekezo utapoteza madume na hutapata kitu.

Wazazi wapya wakifika, kadi iandikwe siku hiyohiyo, jina zima, nukta au nukta-mkato, tawi, kizazi, tarehe. Tumia penseli nzito au wino usiofutika. Chupa za maji huvuja, na wino wa peni ya kawaida ndio wa kwanza kuondoka.